Jina Lililokaa kwa Jirani

Mimi Verlyn Prosper nimekaa miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la posta ya Princes Town, kazi yangu kuwauliza watu karatasi. Kitambulisho kiko wapi, risiti iko wapi, mbona sahihi haifanani. Sikuwa na simile, na wanaonijua wanajua. Kwa hiyo usiniulize nilijisikiaje siku ile Shemasi Theophilus Cobham aliponisimamisha mbele ya kamati ya jiwe, akateremsha miwani mpaka nchani mwa pua, akaniuliza karatasi ya babu yangu iko wapi.

Sisi wa kijiji cha Betheli ni wajukuu wa askari, na hilo hatuoni haya kulisema hata kwenye foleni ya benki. Mababu zetu walikuwa watumwa kwenye mashamba ya tumbaku huko Virginia. Mwingereza alipokwenda kupigana na Wamarekani, wao wakatoroka, wakavishwa koti jekundu, wakapewa bunduki, wakarudi kuwabishia hodi mabwana zao. Vita vilipokwisha wakaletwa huku kusini mwa Trinidad, kompania kwa kompania, na kila askari akakatiwa ekari kumi na sita za msitu. Msitu huo ndio mashamba yetu ya kakao mpaka leo.

Kila mwaka, mpunga mwekundu wa mlimani ukishavunwa, tunafanya ibada ya shukrani. Kengele inapigwa mara tatu, kisha shemasi anasoma majina ya wale askari wa kwanza, moja baada ya jingine. Jina likisomwa, ukoo wake unasimama wote na kujibu, "Yupo," kama wao wenyewe walivyokuwa wakijibu "Nipo" kwenye gwaride. Watoto wa shule wanasimama, vikongwe wanashikwa mkono wanasimama. Sisi kina Prosper tunakaa. Tunachangia mchele, tunachangia kuku, tunapika kuliko wote, halafu majina yakianza tunakaa tukitazama migongo ya watu.

Baba yangu alitazama migongo hiyo maisha yake yote, na aliishi miaka sabini na minane. Kwenye shukrani yake ya mwisho nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Likaitwa jina la ukoo mmoja, watu wakainuka, na yeye mguu ukajivuta, akaanza kuinuka nao. Halafu akakumbuka. Akajifanya anatafuta leso chini ya benchi. Niliona.

Kwetu ilisemwa siku zote kwamba sisi ni wa Papa Jubal, na Papa Jubal alikuwa askari. Bibi aliambiwa na bibi yake. Jina la pili la Papa Jubal hakuna aliyelijua, wala kompania yake, wala cheo chake. Hati ya shamba letu ililiwa na mchwa kabla baba hajazaliwa. Yalibaki maneno ya bibi, na maneno ya bibi hayana mhuri.

Sasa mwaka huu kamati ikaamua majina yale yachongwe kwenye jiwe mbele ya kanisa. Mchongaji anatoka San Fernando, anakuja mara moja, siku inayofuata shukrani, akimaliza amemaliza. Asiyechongwa sasa hachongwi tena. Nikapeleka jina la Papa Jubal. Shemasi Cobham ndiye mwenyekiti wa kamati, ndiye msomaji wa majina kanisani, tena ni jirani yangu, shamba lake na langu yanagusana. Akafungua nakala ya daftari la ardhi, akapitisha kidole polepole ili kila mtu aone anavyojua kusoma.

"Dada Verlyn," akasema kwa ile sauti yake ya mimbarini, "shamba lenu ni namba kumi na moja. Hapa pameandikwa Prosper, mwaka elfu moja mia nane na hamsini. Prosper alikuja na mashua kutoka Grenada. Si dhambi. Wengine tulikuja na bunduki, wengine walikuja na kikapu cha ndizi."

Watu wakacheka. Binamu yangu wa damu, Hollis, akacheka na kujipiga paja. Nikamwambia Shemasi nitamletea karatasi itakayomfanya aimeze hiyo miwani yake na fremu yake. Nikatoka nimeinua kichwa. Nilipofika barabarani ndipo nilipogundua nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe, na siku zilizobaki kabla ya shukrani ni arobaini.

Alhamisi tatu mfululizo nikapanda gari la alfajiri kwenda Port of Spain, kwenye jumba la nyaraka za serikali. Alhamisi tatu nikamtafuta Prosper. Nikamtafuta kwenye madaftari ya ardhi, kwenye orodha za jeshi zilizosalia, kwenye barua za magavana zenye mwandiko wa kuku. Nikampata Prosper mwuza samaki, nikampata na Prosper aliyefungwa kwa wizi wa nguruwe. Huyo wa nguruwe nilimficha haraka. Prosper askari hakuna.

Alhamisi ya tatu mhifadhi wa nyaraka akavuta kiti akakaa mbele yangu. Aliitwa Bi Ramlogan, mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye kikohozi cha watu waliokula vumbi la madaftari miaka mingi. Akaniuliza natafuta nini hasa kwa bidii ile. Nikamweleza yote, mpaka kicheko cha Hollis. Alinisikiliza, kisha akaniangalia kama mimi nilivyokuwa nikiwaangalia watu wanaobandika stempu nyuma ya bahasha.

"Mama, huyo Prosper ni mkwe," akasema. "Unamtafuta baba mkwe kwa jina la mkwe wake, utampata lini?"

Akafungua ule mwaka wa hamsini, akaweka rula chini ya mstari mdogo niliokuwa nimeusoma mara kumi bila kuuona. Prosper aliandikiwa shamba lile "kwa haki ya mkewe Dorcas". Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la mwanamke, na mwanamke yule alilipata kwa baba yake. Nikajipiga paji la uso. Miaka thelathini na minne nawagombeza watu wasome fomu mpaka chini, na mimi mwenyewe nimekomea juu.

Basi tukarudi nyuma, daftari kwa daftari, mpaka tukafika kwenye kitabu cha mpimaji aliyewakatia askari wale viwanja vyao. Namba saba ipo. Namba nane ipo. Bi Ramlogan akafunua ukurasa, na ukurasa ukabaki mikononi mwake vipande vipande. Wadudu walikuwa wameutoboa wote. Namba tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, zote zimeliwa. Nikasema moyoni, mchwa wa dunia hii wana nini na ukoo wangu? Machozi yakanilenga, mimi niliyezika wazazi wawili bila kulia mbele za watu.

Bi Ramlogan hakushtuka. Alifunga kitabu taratibu, akafuta vidole, akanifundisha jambo ambalo nitalifundisha mpaka wajukuu. Katika kazi yao, ukimkosa mtu kwake, unamtafuta kwa jirani. Hati ya shamba haisemi habari za mwenye shamba peke yake. Inasema kaskazini amepakana na fulani, kusini na fulani. Na mpimaji yule alikuwa mwanajeshi, hakumwandika mtu bila cheo chake. Zaidi ya hayo, kila mwenye shamba alipewa nakala yake.

"Namba kumi na mbili ni nani?" akauliza.

Nikamwambia hawakuacha mtoto, msitu umerudi.

"Na namba kumi?"

Namba kumi ni Cobham.

Ikabidi niseme. Nakala yake anayo, ameitia kwenye fremu, inaning'inia sebuleni juu ya redio: mhuri wa gavana, na chini yake kwa wino uliofifia, Praiveti Bristol Cobham, askari. Kila mgeni lazima aonyeshwe. Bi Ramlogan akaniuliza ukubwa wake. Nikamwonyesha kwa mikono, kama ukurasa wa kalenda. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, akasema hati za namna ile zina urefu wa mkono mzima, kwa hiyo imekunjwa, na sehemu ya mipaka iko nyuma.

Kutoka barazani kwangu mpaka kwa Shemasi ni hatua mia mbili tu, lakini nilikuwa nimeingia mle ndani mara moja, siku ya msiba wa mkewe, maana msiba hauna ugomvi. Ugomvi wenyewe ni wa masale. Huku kwetu mpaka wa shamba hauwekwi kwa ukuta wala waya. Unapandwa masale, ile mimea ya majani mekundu, na masale hayaguswi. Mtu anaweza kukuibia kuku ukamsamehe. Akihamisha masale, watoto wake wataambiwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alilazwa hospitali miezi miwili, aliporudi akakuta masale yamesogea hatua tatu upande wetu. Miti kumi na mmoja ya kakao ikawa kwa Cobham, na mshelisheli alioupanda baba siku nilipozaliwa ukawa kwa Cobham. Mzee Cobham, baba yake Shemasi, akaapa yamekuwa hapo tangu enzi. Baba hakuwa na hati ya kumwonyesha. Kila msimu alitazama mashelisheli yake yakianguliwa na mtu mwingine.

Basi nikaoka mkate wa nazi, nikauvika kitambaa safi, nikaenda. Shemasi alinikaribisha barazani, si ndani. Nikajitahidi kuongea kwa upole, na upole kwangu ni kazi ya kibarua. Nikamwomba hati ile ifunguliwe na kukunjuliwa, mara moja tu, kwa mikono ya Bi Ramlogan anayejua kazi yake. Akasema karatasi ni kuukuu, itachanika. Nikasema haitachanika. Akasema ni kumbukumbu ya ukoo, si kitu cha kupitishwa mikononi mwa watu. Nikasema hata mimi natafuta kumbukumbu ya ukoo. Akatazama mkate, hakuugusa.

"Leo unataka jina, Verlyn," akasema mwisho. "Kesho utautaka mshelisheli."

Hapo ndipo nilipomwona. Mtu mzima wa miaka sabini na minne, shemasi, anageuka kuutazama mlango wa sebule mara ya pili, mara ya tatu. Kumbe hakuwa na kiburi tu, alikuwa na hofu. Hati ile ina vipimo, na vipimo vinasema masale yanapaswa kuwa wapi. Nikamwuliza, kumbe unajua kilichoandikwa huko nyuma? Akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikaondoka na mkate wangu.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Kwa siku mbili nilikuwa nikichuma kakao kwa hasira, natupa maganda kana kwamba namtupia yeye. Nikawaza wakili. Wakili angemlazimisha, sawa, lakini kesi za ardhi hapa zinazikwa pamoja na wenye kesi, na mchongaji anakuja baada ya siku kumi na tisa. Nikageuza jambo hili huku na huku. Nikaona nina mkono mmoja na vitu viwili, na nikikishika kimoja cha pili kinaanguka. Ama nidai zile hatua tatu za baba, ama nimpate Papa Jubal.

Nilimwambia kaka yangu Alston, tunayeishi naye shamba moja, kwamba nimeamua. Akaweka kikombe cha kakao chini.

"Utampa Cobham ardhi ya baba?" akasema. "Kwa ajili ya mtu hujamwona hata picha?"

"Na hiyo ardhi ya baba ilitoka wapi, Alston? Ilidondoka?"

"Mshelisheli ule ni wako. Ulipandiwa wewe."

Nikamwambia nafahamu ni wangu, ndiyo maana naweza kuutoa. Baba hakuulilia mshelisheli, nikamwambia, mimi nilikuwa ubavuni pake, nilimwona analilia nini. Alston akanijibu kwamba nina kichwa kigumu kama mama, akatoka kwenda kulisha kuku waliokwisha kulishwa.

Kwetu kuna desturi moja ambayo haina rufaa. Ukipanda masale kwa mkono wako mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, umekubali mpaka ule kwako na kwa vizazi vyako. Hakuna hakimu wa Betheli wala wa mbinguni atakayekusikiliza tena. Jumamosi asubuhi nikafunga kitambaa cheupe kichwani, nikapiga kengele ndogo ya nyumbani, nikatoka na miche arobaini ya masale kwenye toroli. Nilikuwa nimewapa majirani habari, na Betheli ukimpa mmoja habari umewapa wote. Walikuja, wengine na viti vyao kabisa.

Masale ya mzee Cobham yalikuwa yamezeeka, mengine yamekufa, mstari umebaki na mapengo kama kinywa cha kibogoyo. Nikapiga magoti kwenye mstari ule ule wa uongo, nikaanza kuziba mapengo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikalia. Shimo, mche, udongo, maji. Shimo, mche, udongo, maji. Kila nilipofika kwenye mti wa kakao wa baba niliupita upande wake wa pili, nikauacha kwa Cobham, na kila mmoja uliniuma, sikudanganyi. Nilipofika mche wa kumi nikasikia jembe. Alikuwa Alston, uso umevimba kwa hasira, anachimba mashimo mbele yangu ili nisijichoshe.

Shemasi alitoka amevaa kandambili na shati halijafungwa vifungo. Akasimama upande wake wa mstari.

"Verlyn, unafanya nini?"

"Nakuondolea hofu," nikamwambia.

Sikuinua macho. Nikapanda mche wa mwisho karibu na shina la mshelisheli, nikashindilia udongo kwa kiganja, nikasimama. Magoti yangu yalikuwa matope matupu. Nikaweka mkono kwenye gome la mti ule, mara moja, nikauondoa.

"Huu ni wako, na mjukuu wangu hawezi kuja kuuomba kwa mjukuu wako. Watu hawa wote wameona. Sasa nipe babu yangu."

Shemasi akatazama masale, akawatazama watu. Akaanza kufunga vifungo vya shati. Akasema taratibu, "Jumapili ya shukrani. Kabla ya majina." Akageuka, akaingia ndani.

Watu walinifuata nyumbani wakiniuliza kama namwamini. Nikawaambia namwamini kama ninavyomwamini mwewe na vifaranga, lakini nimefanya sehemu yangu.

Siku ya shukrani kanisa lilijaa mpaka madirishani. Sufuria za pilau na majimbi zilikuwa zinachemka nyuma, harufu inaingia mpaka kwenye maombi. Mimi nilikaa benchi letu la siku zote na Alston na watoto wake na wajukuu, na Hollis na kabila lake lote, maana Hollis naye ni Prosper, alipocheka siku ile alikuwa anajicheka mwenyewe. Shemasi akapanda mimbarini na fremu kwapani.

Akailaza kifudifudi juu ya meza ya Bwana, akang'oa misumari midogo ya nyuma kwa kisu cha mfukoni. Bi Ramlogan alikuwa amekuja, nilimwalika na nauli nikampa, akasogea akamsaidia. Karatasi ikakunjuliwa mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, mkunjo wa tatu, ikawa ndefu kama alivyosema. Shemasi akavaa miwani. Hakuimeza. Akaanza kusoma, na sauti ya mimbarini hakuwa nayo, alisoma kwa sauti ya mtu wa kawaida.

Akasoma kwamba shamba namba kumi amepewa Praiveti Bristol Cobham, ekari kumi na sita. Mashariki amepakana na mto. Kusini amepakana na njia ya kanisa.

"Kaskazini," akasoma, "amepakana na ardhi ya Koplo Jubal Tolliver, wa kompania moja naye, aliyekuwa mkubwa wa kikosi alimotumikia huyo Cobham."

Tolliver. Jina letu. Sikuwa nimewahi kulisikia hata siku moja, na lilipoingia masikioni nililijua. Tena koplo. Si askari tu, koplo, mtu aliyetoroka minyororo akapewa watu wa kuwaongoza, akawaongoza wakafika salama mpaka huku. Nilihisi kifua kinapanuka mpaka gauni likanibana. Alston alinishika mkono, akaubana hadi pete ikaniumiza, na sikumwambia aache.

Shemasi hakuteremka. Akavua miwani, akasema mbele ya wote kwamba hati ile ameijua tangu ana miaka thelathini. Baba yake alimwonyesha, akamwapisha asimwonyeshe mtu, kwa ajili ya zile hatua tatu. "Kila mwaka nimesimama hapa kusoma majina," akasema, "na kila mwaka nimeruka moja, nalijua." Akaomba msamaha kwa Mungu, kisha kwangu, kisha akataja jina la baba yangu, akamwomba na yeye.

Nitasema ukweli: nilitamani kumrushia kengele ya kanisa. Miaka arobaini na minne, na mingi kati ya hiyo baba alikuwa hai, amekaa benchi hili hili. Hiyo sijaisamehe yote, naisamehe kidogo kidogo, kila wiki kiasi. Lakini siku ile hasira ilifika mlangoni ikakuta nyumba imejaa, haikupata pa kukaa.

Kengele ikapigwa mara tatu. Shemasi akachukua kalamu, akaongeza jina kwenye orodha. Sheria ya kamati yake mwenyewe ni kwamba majina yanafuata vyeo, wakubwa kwanza, na ndivyo yatakavyochongwa. Kwa hiyo ilimbidi aandike juu, mbali juu ya jina la babu yake, kwenye nafasi nyembamba iliyobaki pembeni. Halafu akainua kichwa.

"Koplo Jubal Tolliver."

Tukasimama. Nilisikia mabenchi yanalia nyuma yangu, Alston, watoto, wajukuu, Hollis na wake wote, watu thelathini na mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona nyuso za watu kanisani badala ya migongo, maana wote waligeuka kututazama. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kwa neno lile moja, na lilitoka bila kutetemeka.

"Yupo."

Tulijibu wote pamoja, ila mimi ndiye niliyejibu kwa nguvu, nikijibu na kwa ajili ya baba. Tukakaa. Yakaitwa majina mengine ya wenye vyeo, kisha wakaanza askari wa kawaida.

"Praiveti Bristol Cobham," Shemasi akasoma.

Ukoo wake ukasimama, na yeye akajibu pale pale mimbarini, amejikunja, kichwa chini, sauti imefifia. Hata benchi la pili hawakusikia. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu haujawahi kuniuliza ruhusa.

"Simama wima, Praiveti," nikasema.

Kanisa zima likaangua kicheko, mpaka Bi Ramlogan akakohoa. Shemasi Cobham akanitazama. Nilidhani atakasirika. Akaweka karatasi chini, mzee yule, akanyoosha mgongo wake wa miaka sabini na minne, akagonganisha visigino vya viatu vyake vya Jumapili.

"Yupo, Koplo," akajibu.